Nyumba Moja Haisogezi Mlima

Leo tunaanza safari yetu Walthamstow, mtaa ulioko kaskazini mashariki mwa London, ambako mtayarishaji wa makala haya anaishi, na tutaimalizia kwenye vilima vya Bukavu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kinachoziunganisha sehemu hizi mbili ni swali moja: kabla ya nyumba kujengwa juu ya mteremko, ni nani anayepaswa kuuliza litakalowapata walio chini yake?

Walthamstow inaanzia ukingoni mwa mto Lea. Kutoka hapo ardhi inapanda polepole kuelekea mashariki: kwanza mabwawa ya maji na tambarare ya majani, kisha mitaa ya nyumba za matofali zilizoshikana ukuta kwa ukuta, kisha, kwa ghafla, miti. Nyumba zinakoma na msitu wa Epping unaanza. Mgeni akiutazama mpaka huo hudhani ni kazi ya maumbile. Kumbe ulichorwa na wanadamu, mahakamani na bungeni, katika karne ya 19.

Reli, matofali na msitu

Mwaka 1871 Walthamstow ilikuwa na wakazi takriban 11,000. Miaka 30 baadaye, hesabu ya watu ya mwaka 1901 ilionesha wakazi zaidi ya 95,000. Chanzo kikubwa cha ongezeko hilo kilikuwa reli. Kampuni ya Great Eastern Railway ilipotaka kuifikisha njia yake Liverpool Street, katikati ya London, ilibidi nyumba za maskini wengi zibomolewe. Bunge liliiruhusu kampuni hiyo, lakini kwa sharti kwamba iendeshe treni za alfajiri za wafanyakazi kwa nauli ya chini. Wengi wa watu wa kipato kidogo wakahamia kule ambako treni hizo zilifika. Mashamba yakageuka viwanja, viwanja vikageuka mitaa, na mitaa ikaanza kuukaribia msitu.

Msitu wa Epping umelala juu ya kigongo cha ardhi kilichoko kati ya bonde la mto Lea na bonde la mto Roding. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ni udongo mzito wa mfinyanzi, unaovimba kwa maji wakati wa baridi na kupasuka wakati wa kiangazi. Katikati ya karne ya 19 mabwana wa ardhi walikuwa wakizungushia uzio vipande vya msitu na kuviuza kwa wajenzi. Mfano wa hatari hiyo ulikuwa karibu. Mwaka 1851 Bunge liliuondolea ulinzi msitu jirani wa Hainault, na miti yake iking'olewa kwa muda mfupi, jambo lililowashtua watu wengi wa London.

Waliosimama dhidi ya uzio hawakuwa wakubwa. Mzee Thomas Willingale, wa kijiji cha Loughton, alikuwa akikata matawi ya kuni kila majira ya baridi, kama walivyofanya wazee wake kabla yake. Uzio ulipowekwa, aliendelea kukata. Mwaka 1866 watu wa familia yake walitiwa jela kwa kosa hilo, na kisa chao kikavuma mpaka London.

Hatimaye aliyekuwa na uwezo wa kuibeba kesi hiyo alikuwa halmashauri ya City of London. Mwaka 1853 halmashauri hiyo ilikuwa imenunua shamba kando ya msitu kwa ajili ya makaburi, na pamoja na shamba ikapata haki ya kale ya kulisha mifugo msituni. Kwa kutumia haki hiyo ya malisho, ilifungua kesi mwaka 1871 dhidi ya mabwana wa ardhi, na mwaka 1874 ikashinda. Mwaka 1878 Bunge likapitisha sheria ya msitu wa Epping, iliyoagiza kwamba ardhi hiyo ibaki wazi, bila uzio na bila majengo. Tarehe 6 Mei 1882 Malkia Victoria alifika High Beach, juu ya kigongo, kuukabidhi msitu kwa wananchi.

Msikilizaji, zingatia jambo moja katika kisa hiki. Hakuna mtaalamu aliyepima udongo, wala aliyeuliza maji ya mvua yangeelekea wapi kama kigongo chote kingefunikwa kwa paa na mawe. Msitu uliokolewa na haki ya watu wadogo, na mwenye fedha aliyekubali kuipigania. Tutalirudia jambo hili.

Sheria zilizozaliwa na maafa

Utaratibu tunaouita leo tathmini ya athari kwa mazingira ulikuja baadaye sana, na kwa upande wa miteremko, ulitanguliwa na vilio.

Ili kuelewa kwa nini, inafaa kwanza tueleze jinsi nyumba inavyojengwa kilimani. Mjenzi huhitaji uwanja ulio sawa. Huchimba sehemu ya juu ya kiwanja na udongo wake huumwaga sehemu ya chini. Kwa kufanya hivyo anakuwa ameukata mguu wa mteremko ulioko nyuma ya nyumba, na papo hapo ameongeza uzito juu ya mteremko ulioko mbele. Kisha anaondoa miti, ambayo mizizi yake ilikuwa ikiushika udongo na kunywa maji. Mwisho analeta maji mapya: ya paa, ya jikoni, ya choo. Maji hayo yasipopewa mfereji, yanazama ardhini, yanaufanya udongo kuwa mzito na kulegeza mshikamano wake. Siku ya mvua kubwa, kilima hudai deni lake, na mara nyingi anayelilipa ni jirani wa chini.

Mwezi Januari 1952 mvua kubwa ilinyesha Los Angeles, Marekani, ambako baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia vilima vilikuwa vimechongwa kwa mashine ili kupata viwanja. Matope yaliziingia nyumba, na mwaka huohuo jiji likaweka kanuni za kudhibiti uchongaji wa vilima. Zilikuwa miongoni mwa kanuni za kwanza za aina hiyo.

Baadaye ilikuja sheria pana zaidi. Tarehe 1 Januari 1970 Rais Richard Nixon wa Marekani alitia saini sheria ya taifa ya mazingira, iliyozitaka idara za serikali kuu zieleze kwa maandishi athari za miradi yao mikubwa kabla ya kuitekeleza. Jumuiya ya Ulaya ilifuata mwaka 1985, na Uingereza ikaanza kutumia utaratibu huo mwaka 1988.

Lakini pengine hakuna mji uliojifunza kwa uchungu kuliko Hong Kong. Tarehe 18 Juni 1972, baada ya siku kadhaa za mvua, kilima kiliporomoka Sau Mau Ping na kuua watu 71 katika makazi ya muda ya watu maskini. Siku hiyohiyo, katika barabara ya Po Shan, mtaa wa watu wenye uwezo, mteremko mwingine uliangusha jengo la ghorofa na watu 67 wakafa. Mwaka 1976 Sau Mau Ping ikapigwa tena, na watu 18 wakapoteza maisha. Mwaka uliofuata serikali ilianzisha ofisi maalumu ya wahandisi wa miteremko. Kazi yake haikuwa kungoja maombi ya wajenzi tu. Kwa miaka mingi iliorodhesha miteremko iliyochongwa na watu, mmoja baada ya mwingine, ikaipa namba na kuamua ni nani mwenye jukumu la kuitunza. Leo orodha hiyo ina miteremko ipatayo 60,000.

Tofauti ya hatua hii na sheria za Marekani na Ulaya ni kubwa. Sheria hizo zinaanzia kwa mradi: yupo mjenzi, ana jina, ana ramani, anaomba ruhusa. Hong Kong ilianzia kwa kilima chenyewe, hata kama hakuna anayeomba chochote.

Haba na haba

Utaratibu unaoanzia kwa mradi una udhaifu wake. Ni lazima uchore mstari kati ya mradi mkubwa na mdogo. Nchini Uingereza, tangu mwaka 2015, mradi wa kawaida wa nyumba katika eneo lisilo na ulinzi maalumu hauchunguzwi kama unahitaji tathmini kamili mpaka uzidi nyumba 150, au ardhi yake izidi hekta 5. Nyumba 10 zinapita chini ya mstari huo. Nyumba 10 nyingine kando yake nazo zinapita. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na wanaohesabu haba moja moja hawatakiona kibaba kikijaa.

Hapo ndipo msitu wetu wa Epping unaporudi tena katika habari hii. Sehemu kubwa ya msitu huo inalindwa na sheria ya makazi ya viumbe, iliyotokana na agizo la Ulaya la mwaka 1992 na ambayo Uingereza imeendelea kuwa nayo hata baada ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya. Sheria hiyo ina kanuni muhimu: mpango wa ujenzi unapimwa kwa athari zake wenyewe, na pia kwa athari zake ukijumlishwa na mipango mingine. Hakuna anayeruhusiwa kujitetea kwamba nyumba zake ni chache.

Wataalamu walipochunguza waliona kwamba wageni wengi wa msitu huo wanatoka ndani ya umbali wa kilomita 6 na kidogo, umbali unaoihusisha Walthamstow. Kila familia mpya inaongeza nyayo zinazokanyaga mizizi, na magari yanayotoa moshi unaodhoofisha mimea. Kwa hiyo halmashauri zinazouzunguka msitu zimelazimika kuhesabu nyumba mpya zote kwa pamoja, na wajenzi kuchangia fedha za kuutunza. Yote hayo ni kwa ajili ya miti ya kale ya mibichi, nyasi za uwandani, na mdudu mmoja mkubwa mwenye pembe anayeishi katika magogo yanayooza.

Mtayarishaji wa makala haya hana ugomvi na mdudu huyo. Lakini kila anapopita chini ya miti ile, hujiuliza kwa nini hesabu ya jumla inayofanywa kwa ajili ya mizizi haifanywi kwa ajili ya watu wanaoishi juu ya vilima vinavyosogea. Na kama wako watu wanaostahili hesabu hiyo, ni wa Bukavu.

Bukavu, mji wa vilima

Bukavu iko kusini mwa ziwa Kivu, mahali ambapo mto Ruzizi unatoka ziwani, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Wabelgiji waliupenda kwa hali yake ya hewa na kwa rasi zake tano zilizoingia ziwani kama vidole vya mkono. Kuanzia mwaka 1927 waliuita Costermansville, kwa heshima ya afisa wao wa kikoloni, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 jina la Bukavu likarudi. Wazungu walijenga kwenye rasi na kando ya maji. Wafanyakazi wa Kiafrika walipangiwa mitaa yao nyuma, kwenye vilima, Kadutu ukiwa mmojawapo. Mji ulipangwa kwa ajili ya watu wachache.

Historia haikuheshimu mpango huo. Baada ya uhuru wa mwaka 1960, mji ulikua. Mwaka 1994 mamia kwa maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walivuka mpaka na kuingia Kivu. Vita vya mwaka 1996 na vile vilivyoanza mwaka 1998 viliwang'oa wanavijiji kutoka mashambani mwao, na wengi wakaja mjini, ambako angalau jirani alikuwa karibu. Leo wakazi wa Bukavu wanakadiriwa kuwa zaidi ya milioni moja. Mwezi Februari 2025 mji huo uliingia mikononi mwa waasi wa M23, na kwa mara nyingine masuala ya mifereji na viwanja yakasukumwa nyuma ya suala la usalama.

Ardhi tambarare ilikwisha zamani. Waliofika baadaye walipanda juu zaidi, na nyumba zao za mbao na mabati zikaenea mpaka mahali ambapo mtu akisimama mlangoni pake huona paa la jirani likiwa usawa wa miguu yake.

Katika eneo la Funu, kwenye mteremko wa Kadutu, ardhi yenyewe inatembea. Ni poromoko kubwa na la kina, ambalo haliji kwa kishindo. Linasogea polepole mwaka hadi mwaka. Kuta zinapasuka, milango inakataa kufunga, mabomba yanakatika, na wenye nyumba wanajenga upya palepale. Mwaka 2022 watafiti walichapisha katika jarida la Nature Geoscience matokeo ya uchunguzi wao juu ya Funu. Walilinganisha picha za zamani zilizopigwa kutoka kwenye ndege na vipimo vya rada vya satelaiti, wakaweza kufuatilia mwendo wa ardhi hiyo kwa kipindi cha miaka ipatayo 70.

Walichokiona ni kwamba sehemu ya mteremko huo iliongeza mwendo katika kipindi ambacho nyumba zilikuwa zikiongezeka. Maelezo yao ni kwamba kuenea kwa makazi kumebadilisha njia za maji. Mvua inayodondoka juu ya mabati haizami tena mahali pote kwa usawa, mifereji ni michache, na mabomba yanayovuja yanamwaga maji ndani ya kilima hata wakati wa kiangazi. Kilima kikisogea kinavunja mabomba zaidi, na mabomba yaliyovunjika yanakifanya kilima kisogee zaidi.

Nyumba moja haisogezi mlima. Hakuna mtu wa Funu anayeweza kunyooshewa kidole. Yule mama aliyekimbia vita na kununua kipande cha mteremko kwa akiba yake yote hakufanya mradi. Alitafuta pa kulala.

Sheria isiyomfikia

Nchi za Afrika Mashariki na Kati zina sheria. Uganda ilipitisha sheria yake ya mazingira mwaka 1995, Kenya mwaka 1999, Tanzania mwaka 2004, na Kongo mwaka 2011. Zote zinataka tathmini ifanywe kabla ya miradi yenye athari kubwa. Kwa mwenye hoteli, kiwanda au mtaa mpya wa maghorofa, sheria hizo zinaweza kufanya kazi zikisimamiwa vizuri. Lakini kwa muundo wake zinamngoja mwombaji mwenye faili. Juu ya kilima kinachojaa nyumba moja moja, mwombaji huyo hatokei.

Mlima Elgon, nchini Uganda, umetoa ushahidi. Tarehe 1 Machi 2010, baada ya mvua ya muda mrefu, mteremko wa Bududa uliifunika Nametsi. Miili takriban 100 ilipatikana, na wengine wengi hawakuonekana tena. Huko pia hapakuwa na mjenzi mkubwa. Palikuwa na wakulima wa kahawa na migomba, familia zilizoongezeka, miti iliyopungua, na nyua zilizochongwa kwenye kilima ili nyumba ipate pa kusimama.

Serikali iliwahamisha baadhi ya walionusurika hadi Kiryandongo, mbali na mlima wao, na baadaye, kuanzia mwaka 2019, wengine wakapelekwa Bunambutye, karibu zaidi. Wako waliorudi mlimani. Udongo wa Elgon una rutuba, na makaburi ya wazee yako huko. Mwezi Oktoba 2018 maafa yaliirudia Bududa, na mwezi Novemba 2024 yakaipiga wilaya ya Bulambuli.

Nayo Kivu Kusini ilipata pigo lake mwezi Mei 2023, pale mafuriko na matope yalipoziangukia Bushushu na Nyamukubi, wilayani Kalehe, na kuua watu zaidi ya 400.

Baada ya kila msiba wa namna hii huja amri moja: watu waondoke kwenye miteremko. Amri hiyo ni rahisi kutamka. Lakini kumwondoa mtu bila kumpa kiwanja salama, karibu na kazi yake au shamba lake, ni kumhamishia kilima kingine ambacho hakijaorodheshwa. London ya karne ya 19 ilizibomoa nyumba za maskini, lakini angalau ililazimishwa kuwapa wafanyakazi treni ya nauli nafuu.

Je, yapo yanayowezekana? Yapo, na mengine si ya gharama kubwa. Kwanza ni kuhesabu kilima badala ya nyumba, kama Hong Kong ilivyofanya: kuchora ramani ya mahali ardhi inaposogea, na kuiweka wazi kwa lugha ambayo mnunuzi wa kiwanja anaielewa, kabla hajatoa fedha yake. Pili ni maji: mfereji unaoyapokea maji ya paa na kuyashusha hadi bondeni, na bomba linalozibwa siku lilipovuja. Tatu ni kuacha wazi kwa makusudi ile miteremko iliyo mikali kupita kiasi, kabla haijawa na mtu wa kuhamishwa. Na katika yote, wenye kilima wawe na sauti. Mkazi anayeona ufa ukipanuka ukutani mwake anajua jambo ambalo satelaiti hulijua baadaye. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee, nao hawakuwa wakizungumzia kuta peke yake.

Turudi Walthamstow kwa dakika moja. Kigongo kile kina miti leo kwa sababu haki ya kale ya malisho ilitambuliwa, na chombo chenye nguvu kikaipigania mahakamani. Watu wa Funu na Bududa wanaijua ardhi yao si chini ya Mzee Willingale alivyoujua msitu wake. Kinachokosekana ni wa kuibeba kesi yao kabla ya mvua ijayo.

Mpenzi msikilizaji, hapo ndipo tunapofikia tamati ya makala haya ya historia. Ikiwa wewe unaishi kwenye mteremko, tazama leo maji ya paa lako yanaelekea wapi, na ni nani anayeishi chini yako.